Tuta la udongo juu ya mfinyanzi laini: kisa cha bwawa dogo pembezoni mwa Dar es Salaam

Kuhusu kisa hiki

Bwawa linaloelezwa hapa lipo, lina maji, na linamwagilia bustani za mboga zinazolisha masoko ya jiji. Majina ya mradi, kitongoji, mkandarasi na wahandisi yameondolewa. Vipimo vimekadiriwa, na baadhi vimesogezwa kidogo ili mahali pasitambulike, lakini uwiano wake umetunzwa. Anayetaka kurudia hesabu na kalamu yake ataweza.

Nimelichagua kwa sababu halikubomoka. Visa vya maafa tunavijua. Tuta la Teton, jimbo la Idaho nchini Marekani, lilikuwa na kimo cha mita 93. Lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likijazwa maji kwa mara ya kwanza, na watu 11 wakafa. Bwawa la udongo la Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Yakishatokea maafa, mengi yaliyoamuliwa husombwa na maji au hufichwa na waliohusika. Hapa maamuzi yote yameandikwa, walioyafanya wanapatikana, na gharama ya kila moja inajulikana.

Usuli

Umoja wa wakulima wa mboga unamiliki bonde dogo upande wa vilima vya magharibi mwa jiji. Dar es Salaam hupata mvua ya kama milimita 1,000 hadi 1,100 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ya masika kati ya Machi na Mei, na nyingine ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kijito cha bonde hilo hukauka ifikapo Agosti, wakati ambao mchicha na matembele yana bei nzuri. Wakulima walikuwa wakitegemea visima vifupi, na vingine vilianza kutoa maji ya chumvi.

Wakakubaliana kujenga bwawa: tuta la udongo lenye kimo cha mita 9 na urefu wa mita 260 hivi kutoka kilima hadi kilima, lenye utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, upande wa kulia. Fedha zilitokana na michango yao na mkopo wa benki. Mkopo ulikuwa na tarehe ya kuanza kulipwa, kwa hiyo kila mtu alitaka maji yaingie masika ya mwaka unaofuata. Mwenyekiti wa umoja, mzee aliyelima bonde hilo tangu ujana wake, ndiye aliyekuwa akizungumza na wahandisi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inadai kibali kabla ya kujenga bwawa, na katika kufuatilia kibali hicho michoro ilipelekwa kwa timu huru ya mapitio. Wakulima waliona hatua hiyo ni ya kuwachelewesha. Bila hiyo, kisa hiki kingesimuliwa na mtu mwingine kwa namna nyingine.

Ardhi ya bonde

Vilima vinavyozunguka Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni mchanga wenye mfinyanzi, mwekundu au wa rangi ya kahawia, mgumu unapokuwa mkavu. Ukikanyaga mabega ya bonde unaona ardhi nzuri ya kujengea, na hapo ndipo macho yanapodanganya, kwa sababu sakafu ya bonde ni kitu kingine. Mito yetu ya pwani ilichimba mabonde yake zamani bahari ilipokuwa chini. Bahari ilipopanda, mabonde yakajazwa polepole na tabaka za tope, mfinyanzi na mchanga. Mto uliohama uliacha njia yake ya kale ikiwa imejaa mchanga, kisha mafuriko yakaifunika kwa mfinyanzi. Juu huoni chochote.

Katika eneo la tuta, mita moja na nusu ya juu ilikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Chini yake kulikuwa na mfinyanzi wa kijivu, laini, uliolowa, mpaka kina cha mita 6 katikati ya bonde, kwa upana wa kama mita 70. Baada ya hapo ndipo unapoukuta mchanga wenye mfinyanzi ulioshikamana vizuri.

Usanifu wa kwanza

Usanifu wa awali ulitegemea mashimo manne ya majaribio, kila moja likikusudiwa kufika mita 3. Ulipendekeza tuta la udongo wa aina moja, mteremko wa 1 kwa 2.5 upande wa maji na 1 kwa 2 upande wa nyuma, na mtaro wa kuzuia mvujo wa mita 2 kwenda chini. Hesabu za uthabiti wa tuta lenyewe zilikuwa safi.

Timu ya mapitio ilipofungua kumbukumbu za mashimo ilikuta katika mashimo mawili ya katikati, kwenye safu ya mwisho ya maelezo, maneno machache ya fundi sanifu kwa kalamu ya risasi: maji mita 2.2, udongo laini, shimo limebomoka, tumeishia hapa. Jedwali lililonakiliwa kwenye ripoti halikuwa na safu hiyo. Kwa hiyo ripoti ilisema kina cha uchunguzi ni mita 3 na haikutaja popote udongo ulioshindwa kusimama wenyewe.

Ninasisitiza safu hii kwa sababu nimeiona ikipuuzwa mara nyingi. Namba za maabara zinatoka kwenye sampuli iliyokubali kutolewa. Udongo uliokataa kutolewa, uliobomoka au kuteleza kwenye mrija, hauna namba, na mara nyingi huo ndio utakaobeba tuta. Fundi sanifu yule alifanya kazi yake kikamilifu.

Timu ikaomba uchunguzi wa pili: kuchoronga mashimo sita hadi kuupita mfinyanzi laini, na kupima nguvu ya udongo papo hapo kwa kipimo cha bapa za msalaba zinazozungushwa ardhini. Gharama yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na ya mradi, lakini ilileta mzozo mrefu kuliko matumizi mengine yote, kwa kuwa wakulima walikuwa wamekwisha kulipia uchunguzi na hawakuona sababu ya kuulipia tena.

Hesabu iliyobadilisha mradi

Kipimo kilionyesha nguvu ya mkato, yaani uwezo wa udongo kuhimili kuteleza, ya wastani wa kilopaskali 17 katika mfinyanzi wa kijivu. Kuna hesabu ya haraka kwa tuta linalowekwa juu ya udongo laini bila kuupa muda wa kutoa maji: kimo cha kushindwa ni karibu 5.14 mara nguvu ya udongo, gawanya kwa uzito wa kifusi, yaani udongo wa kujengea tuta. Kifusi kilichoshindiliwa vizuri kina kama kilonewtoni 19 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo 5.14 mara 17 ni 87. Gawanya kwa 19, unapata mita 4.6.

Tuta lililosanifiwa lilikuwa la mita 9. Lingeanza kuteleza likifika karibu nusu ya kimo chake, na lisingehitaji maji ya bwawa kuliangusha. Uzito wake wenyewe ungetosha. Ardhi ingefura mbele ya mguu wa tuta, ufa ungefunguka juu, na kipande kizima kingezama kwa kuzunguka pamoja na mitambo iliyoko juu yake. Hesabu hii si mbadala wa uchambuzi kamili, lakini inachukua dakika mbili, na mhandisi yeyote anayesimama kwenye bonde la tope anapaswa kuwa nayo kichwani.

Njia zilizokuwapo

Kuhamisha tuta juu zaidi ya bonde kulikataliwa mapema, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa na mgogoro wa mipaka na ujazo ungepungua sana.

Kuchimba mfinyanzi wote laini na kujaza udongo mzuri ndiyo njia aliyoipenda mkandarasi. Inaeleweka haraka, na kwa tabaka la mita 2 ningeichagua bila kusita. Lakini hapa ilimaanisha kutoa zaidi ya mita za ujazo 20,000 chini ya kina cha maji, kupiga pampu mchana na usiku, huku kingo za shimo zikiendelea kubomoka.

Njia ya tatu ni kuupa udongo muda. Mfinyanzi laini ukibebeshwa mzigo unaouweza, maji yake hutoka taratibu, chembe zinasogeleana, na nguvu yake inaongezeka. Kwa udongo wa aina hii, nguvu huongezeka kwa takriban asilimia 22 ya mzigo ambao umekwisha kupokelewa na chembe zenyewe. Jenga kiasi, subiri, pima, ongeza.

Mwenyekiti alipoelezwa, aliuliza swali ambalo kila mwenye mradi angeuliza.

"Mhandisi, unataka tuta langu likae nusu, masika yote mawili yapite, na benki inanidai?"

"Ndiyo, mzee. Udongo wa chini hauna haraka hiyo ya benki. Tukiulazimisha, tutajenga mara mbili."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akataka aonyeshwe hesabu kwenye karatasi, mstari kwa mstari, mbele ya kamati yake. Ilifanyika. Benki nayo, ilipopelekewa ripoti hiyo, iliahirisha tarehe ya marejesho. Naamini hilo lilichangia usalama wa bwawa kama mtambo wowote uliokuwepo saiti.

Uamuzi na sababu zake

Kimo kilipunguzwa kutoka mita 9 hadi 7. Bwawa lilipoteza karibu sehemu mbili kwa tano za ujazo uliotarajiwa, na wakulima wa mwisho wa mfereji walipoteza zamu ya maji ya kiangazi. Hakuna njia ya kulieleza hilo kwa maneno matamu.

Udongo mweusi ulitolewa wote chini ya tuta. Nyufa zake za kiangazi ni njia za maji, na kuvimba kwake kungelisukuma tuta kila mwaka.

Mtaro wa kuzuia mvujo ulishushwa hadi mchanga ulioshikamana, lakini kwa vipande vifupi: kijiko kinachimba mita chache, udongo mzuri unarudishwa na kushindiliwa siku hiyo hiyo, kisha kipande kinachofuata. Hakuna ukuta wa mfinyanzi laini ulioachwa wazi usiku.

Tuta lilijengwa kwa awamu mbili. Ya kwanza iliishia mita 3.5. Gawanya 4.6 kwa 3.5, unapata uwiano wa usalama wa 1.3, ambao ndio unaokubalika kwa kawaida mwisho wa ujenzi. Baada ya kama mwaka mmoja, hesabu ilitabiri mfinyanzi ungekuwa umetoa takriban asilimia 70 ya maji yaliyotakiwa kutoka. Mzigo wa mita 3.5 ni kilopaskali 66. Asilimia 70 yake mara 0.22 inatoa ongezeko la kama kilopaskali 10. Kutoka 17 hadi 27. Nguvu hiyo inafikisha kimo cha kushindwa mita 7.3, ambacho kwa tuta la mita 7 bado hakina nafasi ya kutosha, hivyo yakaongezwa mabega: matuta mafupi mapana yaliyoegemezwa miguuni mwa tuta kuu pande zote mbili, ili ardhi inayotaka kufura ikandamizwe.

Palikuwa na pendekezo la kuchomeka mikanda ya wima ya kuharakisha utoaji wa maji. Lilikataliwa, nami nakubaliana nalo kwa tuta dogo la kuzuia maji: kila mkanda ni tundu jingine kupitia tabaka ambalo unalitegemea lisipitishe maji.

Uamuzi mwingine ulikuwa kulihamisha bomba la kutolea maji. Mchoro wa kwanza ulilipitisha katikati ya bonde, mahali pa chini kabisa, kwa sababu ndipo maji yote yangetoka. Lakini katikati ndipo tuta lingetitia zaidi, na makadirio yalikuwa karibu nusu mita. Bomba lililolazwa hapo lingepinda, maungio yake yangefunguka, na maji ya presha yangevuja ndani ya tuta mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Likahamishiwa upande wa kulia kwenye ardhi ngumu. Kiasi cha maji ya chini kabisa hakitatoka kwa bomba hilo, na hiyo ilikubaliwa.

Ujenzi

Mashimo mawili ya kuchukulia kifusi yalikuwa yamependekezwa, na udongo wa yote mawili ulionekana sawa: mwekundu, unashikana mkononi, unashindilika vizuri. Msimamizi wa saiti alichukua glasi mbili, akazijaza maji ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa vituo vya mafuta, na kudondosha kibonge kidogo cha udongo katika kila glasi, bila kutikisa. Kibonge cha shimo la pili kililainika na kubaki mahali pake, maji yakabaki angavu. Cha shimo la kwanza kilianza kutoa ukungu pembezoni ndani ya dakika chache, ukatambaa kwenye sakafu ya glasi, na baada ya saa moja glasi nzima ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Udongo huo hutawanyika majini wenyewe. Chembe zake, kwa sababu ya sodiamu iliyomo, zinasukumana badala ya kushikana. Ufa mwembamba tu kwenye tuta la udongo kama huo unaweza kugeuka handaki masika moja. Majibu ya maabara yalithibitisha, na shimo la kwanza likafungwa kwa kazi ya kiini cha tuta, yaani sehemu ya ndani inayozuia maji. Sehemu ya udongo wake ilitumika kwenye mabega ya tuta tu, tena mbali na maji.

Kichujio cha mchanga kiliwekwa wima ndani ya tuta, nyuma ya kiini, kikiungana na tabaka la kutolea maji chini. Kwa kuwa hofu ya udongo unaotawanyika ilikuwapo, kipimo kilikuwa kikali: angalau asilimia 15 ya chembe ziwe ndogo kuliko nusu milimita, na vumbi laini lisizidi asilimia 5. Tipa za kwanza zilileta mchanga wa kawaida wa ujenzi, ule mafundi wanaoufurahia kwa plasta kwa sababu una tope kidogo la kuushikanisha. Kwa kichujio, tope hilo ndilo tatizo: mchanga unaoshikana unaweza kusimama na ufa ndani yake badala ya kuporomoka na kuuziba. Zilirudishwa. Mchanga uliooshwa uligharimu zaidi na ulichelewa.

Kushindilia kulifanyika kwa tabaka za sentimita 20, na boza la maji likipita mbele ya roli. Sitakaa hapo, kazi ilifanyika kama inavyoandikwa kwenye vitabu.

Jambo lisilotarajiwa lilitokea kwenye mtaro, upande wa kushoto. Mwendesha kijiko alisimamisha mtambo na kumwita msimamizi: ndoo ilikuwa imetoka na mchanga mweupe safi, na maji yalikuwa yakiingia kwenye shimo kutoka upande mmoja kama bomba limepasuka. Ni njia ya kale ya mto, yenye upana wa kama mita 25 na unene wa mita 2 hadi 3, chini ya mita 2 za mfinyanzi. Mashimo ya uchorongaji yalikuwa yameachana mita 40, na yote mawili ya jirani yaliikosa. Mtaro ulishushwa mpaka ukaukata mchanga wote. Mkandarasi alidai malipo ya ziada, mabishano yakachukua muda, hatimaye akalipwa kwa haki.

Awamu ya pili ilianza baada ya kipindi cha kusubiri, pale pizomita, yaani mirija ya kupima presha ya maji ndani ya udongo, zilipoonyesha presha imeshuka kama ilivyotabiriwa. Tuta lilipofika mita 5.5, presha ya katikati ikapanda haraka kuliko kifusi kilivyoongezwa. Kazi ikasimamishwa wiki tatu, mitambo ikalala, mkandarasi akalalamika kwa barua. Presha ikashuka, kazi ikaendelea. Mwishoni tuta lilikuwa limetitia sentimita 41 katikati.

Kujaza maji

Masika ya kwanza bwawa liliruhusiwa kujaa hadi kimo cha mita 5.5, huku ziada ikitolewa kwa bomba. Mvua ilipokwisha, ardhi ya nyuma ya tuta ilikauka kila mahali isipokuwa kiraka kimoja upande wa kushoto. Mlinzi alikuwa ameagizwa kuzunguka kila asubuhi. Siku moja akampigia simu msimamizi: "Bosi, njoo uone, hapa mchanga unachemka."

Kulikuwa na kichuguu kidogo cha mchanga laini chenye upana wa kisahani, na katikati yake tundu ambamo chembe zilikuwa zikicheza juu ya maji yanayopanda. Maji yenyewe yalikuwa na ukungu mdogo sana. Ukungu huo ndio uliokuwa habari: maji angavu yanavuja tu, maji yenye ukungu yanabeba msingi wa tuta kidogo kidogo.

Mrija uliochomekwa jirani ulionyesha maji ya tabaka la mchanga yanapanda mita 1.4 juu ya ardhi. Kifuniko cha mfinyanzi kilikuwa na unene wa mita 2. Gawanya: 0.7. Kwa uzito wa mfinyanzi ule, kilonewtoni 17 kwa mita ya ujazo, ardhi inanyanyuliwa uwiano ukifika kama 0.73. Hakukuwa na nafasi ya kujadiliana.

Siku hiyo hiyo bomba lilifunguliwa, na ndani ya siku kumi maji yakashushwa mita 1.5. Viroba vya mchanga vilipangwa kuzunguka chemchemi ili maji yasimame juu yake na kupunguza tofauti ya presha, bila kuiziba. Kijana mmoja wa mkandarasi alikuja na tipa ya kifusi cha mfinyanzi akitaka kuifukia, akazuiwa. Ukiziba, maji yatatafuta tundu jingine, pengine chini ya tuta lenyewe. Badala yake ilimwagwa tabaka ya mchanga wa kichujio, juu yake kokoto, na juu ya kokoto mawe ya uzito. Maji yaliendelea kutoka, chembe zikabaki.

Uchunguzi ulionyesha kwamba njia ile ya kale ya mto haikupita moja kwa moja chini ya tuta. Ilipinda na kuzunguka mwisho wa mtaro, mahali ambapo mtaro ulikuwa umepanda hadi kina cha mita moja kwa kuwa udongo mwekundu wa kilima ulionekana mgumu. Kiangazi kilichofuata mtaro ulirefushwa mita 30 ndani ya kilima, na visima vinne vya kupunguza presha vikachimbwa miguuni mwa tuta.

Matokeo

Maji yalipofika tena mita 5.5, mrija ule ule ulionyesha nusu mita juu ya ardhi, yaani uwiano wa 0.25 badala ya 0.7. Mvujo unaokusanywa ni chini ya lita moja kwa sekunde, na ni angavu. Bustani zina maji mpaka Oktoba. Gharama ilizidi bajeti ya kwanza kwa kiasi kikubwa, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ilitokana na upande wa kushoto peke yake.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kusubiri, na kusubiri kulifaulu kwa sababu kulikuwa na vipimo vya kukilinda. Bila pizomita, wiki tatu za kusimamisha kazi zisingeweza kutetewa mbele ya mkandarasi wala ya benki. Msimamizi hakusema naogopa; alionyesha mchoro wa presha unaopanda. Kwenye udongo laini, chombo cha kupimia ni sehemu ya muundo kama kifusi kilivyo, na kinapaswa kuwa kwenye mkataba na bei yake, pamoja na siku za mitambo kulala.

Mkataba ndipo paliposhindwa pakubwa. Ulikuwa umeandikwa kama vile ardhi inajulikana. Ulipotokea mchanga kwenye mtaro, hakukuwa na kifungu cha kuongoza, na kila mita ya ziada ikawa ugomvi. Ninaamini, ingawa wengine waliokuwapo hawakubaliani nami, kwamba ugomvi huo ndio uliofanya swali la muhimu lisiulizwe siku ile: huu mchanga umetoka wapi, na unakwenda wapi? Watu walikuwa wakihesabu mita za kulipwa. Njia ya mto haiishii kwenye mstari wa katikati wa tuta. Ilipaswa kufuatwa juu na chini kwa mashimo mafupi ya kijiko wakati mtambo upo hapo hapo. Ni kazi ya siku mbili. Ilifuatwa baadaye, bwawa likiwa na maji, kwa gharama mara nyingi zaidi.

Mpangilio wa uchorongaji nao una somo. Mashimo sita kwa umbali sawa ni mpangilio unaopendeza kwenye ramani, lakini mto haukujenga bonde kwa umbali sawa. Picha za angani za miaka ya nyuma zinapatikana, na mikondo ya kale mara nyingi huonekana kama mistari ya majani mabichi wakati wa kiangazi. Wazee wa bonde hilo pia walijua. Mwenyekiti alipoulizwa baadaye, alisema bila kusita kwamba upande ule wa kushoto ndiko babu yake alikuwa akichimba visima, kwa kuwa maji yake yalikuwa matamu na hayakauki. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, naye hakujua kwamba habari ya visima vya babu inamhusu mhandisi. Swali hilo, wapi maji hayakauki, linafaa kuwa la kwanza kwenye fomu ya uchunguzi wa eneo.

Upande wa mabega ya bonde nina msimamo mkali. Bajeti za uchunguzi huwekwa katikati ya bonde, kwa kuwa ndiko tope liliko, na mwisho wa tuta unachukuliwa kuwa salama kwa sababu unakanyagika. Hapa katikati, palipoogopwa, palitii hesabu kwa kiasi kikubwa. Kilimani, palipoaminiwa, ndipo maji yalipopita. Kama fedha ni za mashimo sita tu, mawili yaende kwenye mabega ya bonde.

Majukumu ya baada ya makabidhiano bado hayajakaa sawa. Mlinzi aliyeona mchanga ukichemka alikuwa ameelekezwa kwa dakika chache tu, na aliyeshika zamu baada yake hakuelekezwa. Sasa kuna daftari kibandani: kimo cha maji, kiasi cha mvujo, rangi yake, na namba za mirija mitatu, kila Jumatatu na kila baada ya mvua kubwa. Pizomita mbili za katikati hazifanyi kazi tena. Ya kushoto ingali hai, na kila masika inapanda. Timu imeshauri maji yasipandishwe juu ya mita 5.5 hadi mrija huo upitishe masika mbili mfululizo bila kuvuka nusu mita juu ya ardhi, na kamati ya wakulima imelifunga kwa kufuli lango la juu la utoro likiwa wazi, ufunguo ukikaa kwa mwenyekiti.